Kaswende ya Mshona Mapazia

Fundi makochi alikuwa amehamia kazini kwake. Alilala kwenye kochi la mteja, na kila asubuhi alilipangusa vizuri asije mwenyewe akajua. Habari hiyo Afande hakuipata kwa fundi. Aliipata kwa mama yake fundi, aliyekuja kliniki bila kuitwa, akakaa kwenye benchi mkoba ukiwa magotini, akagoma kuondoka mpaka asikilizwe.

"Mwanangu hakumfukuza mkewe," alisema yule mama. "Hilo lieleweke kwanza. Ametoka yeye. Amesema mwanamke mwenye mimba hatolewi kitandani kwake."

"Kwa hiyo amekasirika kwa adabu," Afande akasema.

"Kwa adabu, ndiyo. Ila amekasirika kijinga. Yule binti namjua. Nimekaa naye, nimeumwa akaniogesha. Wewe mtafute huyo aliyeleta ugonjwa, maana mkwe wangu siye."

Afande hakuwa polisi wala hakuwahi kuvaa sare ya askari. Alikuwa muuguzi aliyepewa kazi ya kufuatilia magonjwa ya zinaa: kisonono, klamidia, trikomona, kaswende na ndugu zao wote. Kila mmoja wa hao ana kijidudu chake, na kila kijidudu kina mwendo wake. Kazi yake ilikuwa kujua kimetoka kwa nani na kimekwenda kwa nani, ili wote watibiwe. Jina la Afande alipewa na wenzake kwa jinsi alivyouliza maswali: kwa upole, na bila kubandua macho usoni mwa mtu.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Fundi makochi na mkewe, mshona mapazia, walioana miaka mingi bila kupata mtoto. Walipokata tamaa, mimba ikaingia. Wakaja kliniki wameshikana mikono, wakapimwa damu wote wawili kama ilivyo kawaida. Mke akakutwa na kaswende. Mume hana. Mume akapimwa tena, hana.

Hapo nyumba ikapasuka. Na ajabu kubwa zaidi ni kwamba mke aliikataa sindano ya penisilini. Daktari alimweleza kwamba bakteria wa kaswende huvuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto, kwamba mtoto anaweza kufia tumboni au kuzaliwa na ulemavu, na kwamba dawa ipo na inaponya. Mke akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Nikichomwa hiyo, nimekubali nilichosingiziwa." Akainuka akaondoka.

Kwa hiyo Afande hakuwa na muda wa kupoteza.

Alianza kwa mume. Karakana ilinuka gundi na vumbi la sponji. Fundi alikuwa amepiga magoti mbele ya kiti kilichopasuliwa tumbo, misumari midogo imebanwa midomoni. Aliitoa mmoja mmoja kabla ya kuamkia.

"Umewahi kutoka nje ya ndoa?" Afande akauliza.

"Sijawahi."

"Kabla ya ndoa?"

"Afande, mimi kabla ya ndoa nilikuwa naogopa hata kuwasalimia wanawake. Muulize mama."

"Mkeo je? Unamshuku nani?"

Fundi akaupapasa mgongo wa kiti kana kwamba umeumia. "Kuna mpiga picha mmoja. Alikuwa mchumba wake zamani, kabla yangu. Studio yake iko mtaa wa pili kutoka duka la vitambaa analonunulia mapazia."

"Uliwahi kuwaona pamoja?"

"Hapana."

"Uliwahi kusikia neno?"

"Hapana."

"Basi una nini?"

"Nina karatasi ya daktari, Afande. Imeandikwa mke ana, mimi sina. Mimi ni mtu wa kiwanda kidogo, lakini hesabu hiyo nimeijua."

Afande alitazama pembeni. Juu ya meza ya kukatia palikuwa na kitambaa laini cha rangi ya maziwa, kimekatwa saizi ya kigodoro cha mtoto. Kilikuwa kimeshonwa nusu.

"Hiki cha mteja gani?"

Fundi alirudisha misumari midomoni.

Nyumbani kwa mshona mapazia kulikuwa na joto la kuchemsha mayai. Cherehani ililia bila kupumzika. Mwanamke alishona huku anazungumza, tumbo likigusa ukingo wa meza, miguu ikikanyaga ndani ya soksi ndefu nyeusi zilizopanda hadi magotini.

"Umekuja kunishawishi sindano," alisema.

"Nimekuja kuuliza. Mpiga picha."

Cherehani ikanyamaza. Kisha mshonaji akacheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. "Amemtaja huyo? Masikini mume wangu. Nenda kamwone. Mwambie mimi ndiye niliyekutuma, na mweleze kila kitu. Sina cha kuficha."

"Nikitaja jina lako nimetoboa siri yako. Sitafanya hivyo mpaka useme umekubali."

"Nimekubali. Nimesema sina cha kuficha."

"Na sindano?"

Alitazama pembeni, na Afande akaona jasho limemtoka juu ya mdomo wa juu. Haikuwa hasira. Wauguzi waliokuwapo siku ile walisema alipoona kichupa na sindano nene alisogeza kiti nyuma, hata kabla daktari hajamaliza maelezo.

"Unaogopa sindano tangu lini?"

"Tangu utoto," akasema, akakanyaga cherehani kuziba maongezi.

Mpiga picha alikuwa bwana mnene mwenye sauti ndogo na watoto mapacha waliokuwa wakitambaa chini ya pazia la studio. Aliposikia ametumwa na nani, aliomba radhi kwa mteja, akafunga mlango.

"Yuko salama?" lilikuwa swali lake la kwanza.

"Anahitaji msaada. Uliwahi kulala naye?"

"Kamwe. Yule? Hata kumshika mkono ilikuwa mpaka uombe ruhusa. Nipime damu, Afande, nipime hata sasa hivi. Mpime na mke wangu, yuko nyuma hapo anafua. Tulipimwa kwa ajili ya hawa mapacha, lakini tupime tena."

Hakuwa anajitetea. Alikwisha kukunja mkono wa shati. Afande alimtoa tone la damu kidoleni, akalidondosha kwenye kipimo cha haraka, na wakati wanasubiri akamwuliza kwa nini uchumba ule ulivunjika.

"Hakukuwa na ugomvi. Alimpenda yule fundi wake, akaniambia wazi. Nilikasirika kidogo, halafu nikapata wangu." Akatabasamu akitazama mlango wa nyuma. "Kitu kimoja tu kilikuwa kinanichekesha kwake. Kila nikimpiga picha alisema, kata hapa." Akaonyesha magotini. "Mwanamke mzuri vile, na hataki miguu itokee. Nilimwuliza kwa nini. Akasema miguu yake ina historia."

Kipimo kilitoa mstari mmoja tu. Hana. Afande alikiweka kando, akajikuta hakitazami tena. Alikuwa anafikiria soksi ndefu nyeusi kwenye joto lile.

Alirudi kwa mshona mapazia mchana huo huo.

"Mchumba wako wa zamani ni mzima, na ni mtu mwema," alisema. "Sasa naomba uvue soksi."

"Miguu yangu inahusiana nini na hayo?"

"Sijui bado. Ndiyo maana naomba."

Mwanamke aliketi kitako kwenye marobota ya vitambaa, akazivua polepole. Kwenye muundi wa mguu wa kushoto, na chini ya goti la kulia, palikuwa na makovu ya duara, makubwa kama kifuniko cha kopo. Ngozi ya hapo ilikuwa nyembamba, nyeupe kiasi, yenye mikunjo kama karatasi iliyowahi kulowa.

Afande alichuchumaa, akayagusa kwa ncha ya kidole. "Yaliumiza?"

"Sikumbuki. Nilikuwa mdogo sana. Walisema ni vidonda vya utotoni. Watoto wenzangu shuleni walinicheka, ndipo nikaanza kuficha."

"Mlikulia wapi?"

"Ndani huko, misituni. Mvua haikatiki, matope mwaka mzima. Watoto wengi walikuwa na vidonda."

"Nani anakumbuka vizuri?"

"Wazazi wangu hawapo tena. Dada yangu mkubwa ndiye aliyenilea. Anapika kwenye bweni la wanafunzi."

"Naomba ruhusa nimwone."

"Mwone. Ila ukimwambia habari ya kaswende, ataacha masufuria aende kumpiga mume wangu mwiko. Jiandae."

Dada mkubwa aliushika mkono wa Afande kwa mkono wake wenye unga, akamburuta hadi kwenye kiti karibu na dirisha la jiko. Alisikiliza habari yote akiwa amesimama. Afande alipofika mwisho, dada alivuta pumzi kubwa.

"Huyo shemeji yangu ana bahati kwamba nimepika kwa ajili ya watu wengi leo," alisema. "Uliza."

"Vidonda vya miguuni."

"Buba," dada akajibu hapo hapo. "Mama aliita buba. Ilianza na mimi, kipele kikubwa kama tunda la mwituni, kikapasuka. Tulilala mkeka mmoja, tukigusana miguu usiku kucha, akapata mdogo wangu wa kiume, halafu akapata huyu kitindamimba. Alikuwa hajaota hata meno yote."

"Mlitibiwa?"

"Walikuja watu wa afya na masanduku yao, wakapanga watoto mstari. Sindano moja ya matako, nene, unalia mpaka unasahau jina lako. Mimi nikachomwa. Kaka yake huyu akachomwa." Alianza kucheka, akajifuta macho kwa kiganja cha mkono. "Huyu akatuona tunavyolia. Akatoweka. Tukamtafuta kila mahali. Alikuwa ameingia ndani ya pipa la mahindi, amejifunika na gunia, ametulia kimya kama hayupo. Watu wa afya wakaondoka, naye ndipo akatoka, vumbi tupu hadi kwenye kope. Vidonda vilikuja kupona vyenyewe baadaye. Mama akasema basi, Mungu amemwonea huruma."

"Hakuchomwa kabisa?"

"Hata mara moja. Na mpaka leo akiona sindano anageuka majivu."

Afande alitazama mvuke ukitoka kwenye masufuria. Kisha akasema, "Dada, naomba damu yako."

"Ya kazi gani? Mimi ni mjane, na nimetulia."

"Ndiyo maana naitaka."

Maabara ya kliniki ilikuwa chumba chembamba, na mwenye chumba aliitwa Jicho kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kumwona akiwa hajainamia darubini. Afande alimpa damu ya dada mkubwa, hakusema ni ya nani.

Baada ya muda Jicho alizungusha kiti. "Kipimo cha haraka kinasema kaswende. Kile cha pili, kinachoonyesha kama ugonjwa unaendelea, hakionyeshi kitu. Huyu alikwisha kutibiwa."

"Na ya mshona mapazia, kile cha pili kilisemaje?"

"Kinaonyesha kitu, lakini hafifu sana. Kitu cha zamani."

"Huyu uliyempima leo hajawahi kuugua kaswende. Aliugua buba akiwa mtoto."

Jicho alivua miwani. Hakuvua miwani mara nyingi. "Rudia."

Akarudia yote: msitu, mkeka mmoja, sindano, pipa la mahindi.

"Basi nimeelewa," Jicho akasema taratibu. "Bakteria wa buba na wa kaswende ni wa ukoo mmoja, wamefanana kupita mapacha. Darubini yangu hii haiwaoni hata, ni wembamba mno. Ninachopima ni askari ambao mwili umewatengeneza kupigana nao. Askari hao wakisema adui alipita hapa, hawasemi ni pacha gani. Na wakishatengenezwa, wengine hubaki maisha yote."

"Unaweza kuwatofautisha?"

"Hapa, hapana. Mmoja huambukiza kwa zinaa, mwingine kwa ngozi za watoto wanaocheza pamoja. Kwenye damu wananisalimia kwa sauti moja." Akavaa miwani. "Afande, hii ni buba. Ningekuwa wewe ningetembea haraka."

Afande alitembea haraka.

Siku iliyofuata aliwakusanya kwenye karakana, kwa kuwa fundi alikataa kwenda nyumbani na mke alikataa kwenda kliniki. Mama mkwe alikalia kochi lenyewe lililotumika kama kitanda. Mke alikaa kwenye kiti cha mbali kabisa na mumewe. Fundi alisimama, nyundo mkononi, hajui aiweke wapi.

"Nionyeshe springi mbili," Afande akamwambia. "Ya kochi, na ya godoro."

Fundi akashangaa, lakini akazitoa kwenye ndoo.

"Bakteria wa kaswende amesokotwa hivi hivi, ni mdogo kiasi kwamba jicho halimwoni. Ana ndugu yake, wa buba. Amesokotwa hivyo hivyo. Ukifumba macho ukashika moja, utajua imetoka kwenye kochi au godoro?"

Fundi akafumba macho, akazipapasa. Alikuwa mtu wa kazi yake, akajaribu kweli kweli. "Hizi zimetoka kiwanda kimoja. Siwezi kuapa."

"Na kipimo chetu hakiwezi kuapa. Mkeo aliugua buba kabla hajajua kusema vizuri. Waliougua naye walichomwa sindano, yeye akakwepa. Dada yake, ambaye hajawahi kuwa na kaswende, damu yake nayo imesoma kaswende. Makovu anayo miguuni. Wewe umeishi naye miaka yote hiyo na huna hata chembe, maana buba hailetwi kitandani kwa watu wazima. Mpiga picha wako nimempima kwa idhini yake na ya mkeo, naye ni mzima."

Mama mkwe akapiga kochi kwa kiganja. "Si nilisema?"

"Subiri, mama. Sijamaliza." Afande akamgeukia fundi. "Nakwambia ukweli wote. Siwezi kuthibitisha kwa asilimia mia, hakuna anayeweza hapa. Lakini sikia na hili. Hata ingekuwa kaswende yenyewe, bakteria yule hujificha mwilini miaka mingi bila kuuma popote. Karatasi ile isingekwambia ilimpata lini. Isingekwambia kama alikukosea. Wewe uliisoma kama hukumu, na ilikuwa kipimo cha damu tu."

Fundi aliweka nyundo chini. Uso ukamfunguka wote kwa mara moja, akamgeukia mkewe. "Nilijua! Mimi moyoni nilijua!"

"Hukujua," mke akasema.

Mke alibaki kwenye kiti chake cha mbali.

"Ungejua, ungelala nyumbani."

Fundi aliinamisha kichwa. Alitazama springi mbili alizokuwa bado amezishika. "Kweli," alisema mwishowe. "Sikujua. Niliogopa. Tumengoja mtoto muda mrefu hivi, nikaona mtu amekuja kuninyang'anya. Nikaogopa kukuuliza, usije ukanijibu." Akaziweka springi chini. "Ningekuuliza."

"Ungeniuliza ningekuonyesha miguu. Hujawahi kuuliza hata habari ya soksi."

"Nilidhani unasikia baridi."

"Kwenye joto hili?"

Mama mkwe ndiye aliyeanza kucheka, kwa kujizuia kwanza, kisha kwa mabega. Mke alijitahidi kubaki amenuna, akashindwa, akafunika uso kwa kanga. Alicheka na kulia kwa pamoja, hata fundi akashindwa kujua amfuate kwa lipi. Akapiga magoti mbele ya kiti cha mkewe, mahali alipozoea kupiga magoti mbele ya viti vyote, na akakaa hapo bila kugusa kitu.

"Sindano ni ile ile kwa wote wawili, buba na kaswende," Afande akasema kwa sauti ya chini. "Inamlinda mtoto. Ukichomwa sasa, hujakubali shutuma ya mtu yeyote."

"Mara ngapi?"

"Mara moja kila wiki, wiki tatu."

"Matakoni?"

"Matakoni."

Mwanamke akafuta macho. Akamshika mumewe bega ili ainuke. "Twende kabla sijabadili mawazo. Na wewe utasimama pale mbele yangu, uniangalie usoni. Ukiangalia pembeni hata kidogo, utarudi kwa makochi yako."

Wiki zote tatu wote wawili walitimiza ahadi. Wauguzi wanasema mume ndiye aliyetoa chozi.

Mtoto alizaliwa salama, wa kike, mwenye mapafu ya mpiga mnada. Daktari alimkagua macho, mifupa na ngozi, hakuona kasoro. Damu yake ilionyesha askari wachache wa mama waliovuka kabla ya kuzaliwa. Jicho akasema tusubiri, watapotea. Wakasubiri. Mtoto alipoanza kukaa mwenyewe aliletwa tena kliniki, bibi yake akiwa mbele kufungua njia, baba nyuma amebeba mikoba yote. Jicho akatoka maabara kwa miguu yake mwenyewe, jambo ambalo watu walisimama kulitazama.

"Safi," alisema. "Hamna kitu."

Afande aliitikia kwa kichwa, akamtazama mtoto kama alivyowatazama watu wote, bila kubandua macho. Mtoto naye akamtazama vile vile.

"Kesi imefungwa?" mshona mapazia akauliza.

"Imefungwa."

"Basi vua hiyo sura ya kazi, umbebe."